Mifupa ya Meksiko Haikanyagwi

Mama yangu hakuwahi kushika kidude cha mchezo maishani mwake, na Kifaransa alikuwa hakisomi, lakini yeye ndiye aliyetunga sheria katika ile Meksiko ya binti yangu: mifupa haikanyagwi. Kaburi halikanyagwi, alisema, na aliyetoka kaburini naye hakanyagwi, hata akiwa amevaa kofia pana na anapiga gitaa. Sheria hiyo ilitangazwa alasiri moja sebuleni kwetu Nosy Be, kisiwa cha Madagaska. Mimi nilikuwa jikoni nachagua mchele, nikacheka peke yangu kama mjinga.

Mchezo wenyewe hatukuununua. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti zinazowapeleka wageni kupiga mbizi Nosy Sakatia, na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia mashine ya kijivu ya kuchomeka kwenye televisheni, pamoja na sidii moja tu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, na binti yangu alikuwa na miaka tisa. Kwa kuwa sidii ilikuwa moja, aliicheza hiyohiyo mpaka nyumba nzima tukaijua kama tunavyoijua njia ya sokoni.

Shujaa wake alikuwa mnyama wa rangi ya chungwa, nusu paka nusu sungura, na kila nchi aliyofika alijifunza namna mpya ya kwenda. Nchi ya barafu alijifunza kuruka mara mbili: unaruka, kisha hukohuko hewani, pasipo na kitu cha kukanyaga, unaruka tena. Msituni alijifunza kung'ang'ania ukuta kwa kucha, akateleza nao taratibu, kisha akajirusha upande wa pili. Na mlangoni mwa Meksiko alipewa blanketi lenye tundu la kichwa katikati; ukibonyeza kitufe na kukishikilia, linafunguka, naye anaelea. Mama alilipenda sana hilo blanketi. Alikuwa akikaa juu ya jamvi nyuma ya mjukuu wake, miguu kainyoosha, anahimiza: "Mfungulie, mfungulie! Haya, ataanguka huyo, jamani!"

Meksiko ilikuwa nchi nzuri, sikatai. Juu kulitundikwa mapambo ya karatasi yaliyotobolewa kama kofia za wazee wetu, na muziki ulikuwa wa tarumbeta. Mipungate yenye miguu ilitembea kwenda na kurudi, ukiigusa umechomwa. Pilipili nyekundu zilitema moto, zikatulia kidogo, zikatema tena, na kazi yako ilikuwa kupita katika huko kutulia. Tumbusi walishuka pale unapokuwa katikati ya kuruka, huna mbele wala nyuma. Lakini wenye nchi walikuwa mifupa. Walitoka makaburini palipowashwa mishumaa na kumwagwa maua ya njano, meno yote nje, mwenye gitaa anapiga, na asiye na gitaa anakurushia kofia yake, inazunguka hewani kisha inamrudia kichwani.

Binti yangu alisema mwalimu wao kawaeleza kwamba kule Meksiko wafu wana sikukuu yao, watu huwapikia na kuwapambia.

"Na wafu wenyewe wanakuja?" mama akauliza.

"Wanakuja, koko." Koko kwetu ni bibi. "Wanakula, wanacheza, halafu wanarudi zao."

Mama akasema wenzetu wana bahati. Mimi neno hilo lilinipita.

Sasa, ufundi wa mchezo ni kwamba unataka uwakanyage. Ukimrukia mfupa kichwani, anasambaratika, na wewe unadundishwa juu kuliko miguu yako ingekufikisha. Mahali pengine ndiyo njia iliyowekwa na mtengenezaji, kichwa cha mfu ndiyo ngazi. Mama kuliona hilo mara ya kwanza, alimaka.

"Ebo! We mtoto, unamkanyaga mtu kichwani?"

"Si mtu, koko. Ni adui."

"Amekufa. Aliyekufa hana uadui na mtu."

Nikapiga kelele kutoka jikoni kwamba mama amwache mtoto acheze, hizo ni picha tu. Akanijibu ninyamaze na mchele wangu. Hivyo ndivyo sheria ilivyopita, na binti yangu, ambaye mimi nikimwambia jambo hubisha mpaka jua lizame, kwa bibi yake alisema "haya" na akaanza kutafuta njia.

Kabla sijaendelea niseme kidogo habari za lugha. Kiswahili hiki nilikipata ukubwani, Unguja, tulikohamia baadaye. Nosy Be tulisema Kimalagasi mtaani, Kifaransa shuleni, na Kikomoro mlango ukishafungwa, tena kwa sauti ya chini. Maneno yote ya mama ninayoyaandika hapa aliyasema Kikomoro. Lakini liko moja ambalo sina haja ya kulitafsiri, maana huku na huku ni lilelile: kubaki.

"Baba yako amebaki Mahajanga." Nimekua na sentensi hiyo. Tuliingia Nosy Be mwishoni mwa miaka ya sabini, mimi na mama na kikapu kimoja, nikiwa na miaka mitano. Mahajanga kulikuwa kumetokea ghasia, watu wamewageukia Wakomoro wa mji ule, na waliosalimika wengi walipelekwa Komoro. Mama hakwenda nao. Upande wa kwao ni Waislamu wa pwani ile ya Madagaska, waliochanganyika zamani sana na Waarabu na Wamalagasi, na Nosy Be alikuwa na mama yake mkubwa. Kila aliyeuliza mume yuko wapi, alijibiwa hivyo hivyo: amebaki Mahajanga, kazini. Nami mtoto nikalichukua neno kama lilivyo. Sisi tumeondoka, yeye amebaki. Alikuwa na miguu, na boti zilikuwepo, na hakuja.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, jirani mmoja mwenye mdomo alikuja kusema kwamba baba kaonekana soko la Mahajanga na mke mwingine, kabeba mtoto. Nilimtazama mama amkanushe yule mwanamke, amtoe hata kwa ufagio. Mama akaendelea kukuna nazi. Nikalipokea jambo hilo kuwa ni kweli, na tangu siku hiyo nikamchukia baba yangu kwa bidii, kama mtu anavyofanya kazi ya kuajiriwa. Mimi nina hasira, sifichi. Wengine huzaliwa na mvi, mimi nilizaliwa na mori.

Kabla ya kuolewa nilikwenda Mahajanga kumtafuta. Nilitaka aje anisimamie ndoa, au nimtukane, moja kati ya hayo mawili, nilikuwa sijaamua. Nilizunguka Tanambao, nikazunguka Mangarivotra, nikitaja jina lake kwa wauza samaki na kwa mafundi cherehani. Watu walitazama chini. Kwenye msikiti mmoja mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa ncha ya kanzu yake, akasema, "Rudi kwa mama yako, umuulize vizuri." Mimi nikaona wanaume wanafichiana siri zao. Nikarudi Nosy Be na chuki mpya.

Siku ya ndoa, mashahidi walikuja mlangoni mwa chumba nilimopambwa kuchukua ruhusa yangu. Mmoja akauliza baba mzazi yuko hai au vipi, maana lazima ijulikane walii, msimamizi wa ndoa, ni nani. Mama alikuwa kando yangu. Akafungua mdomo, na mimi nilijua atasema nini, nikamtangulia.

"Andikeni amekufa," nikasema. "Kwangu mimi amekufa."

Mama alinyanyuka akatoka. Nilimwona kupitia dirishani, kasimama uani na nguo zake za harusi, anaosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Kadhi akachukua uwalii mwenyewe, nikaolewa, na sikumwomba mama radhi. Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wangu ulikuwa na meno pia.

Nirudi kwenye mchezo. Binti yangu alichukua wiki nyingi kujifunza kupita Meksiko bila kumkanyaga mfu hata mmoja. Wenye kofia za kurusha aliwapita kwa kungoja: kofia ikitoka, yeye anaruka, ikirudi, yeye keshatua upande wa pili. Wenye gitaa aliwapita juu kwa juu, kwa kung'ang'ania ukuta. Palimshinda mahali pamoja tu, shimo pana lililojaa mipungate, na juu yake mifupa mitatu kwenye vijiwe, vichwa vitatu vya kukanyaga mpaka ng'ambo. Hakuna njia nyingine. Alijaribu mpaka vidole vikafanya malengelenge. Kila jioni mama alimwambia, "Basi, mke mwenzangu, kesho."

Ndivyo bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kike: sote tumeolewa na babu, mimi mke mkubwa, wewe mke mdogo. Binti yangu aliushika utani huo, naye akimwita babu yake asiyemjua "mume wetu". Mume wetu anapenda wali au mkate? Mume wetu ana ndevu? Mama alijibu yote: anapenda wali wa nazi, ndevu anazo chache, anacheka kwa pua. Mimi nilikuwa nikitoka sebuleni wakianza.

Siku moja mtoto aligundua jambo ambalo nadhani hata mwenye kuutengeneza mchezo hakulikusudia. Ukiruka mara moja, ukafungua blanketi kabla hujatumia ule mruko wa pili, mruko huo haupotei. Unabaki mfukoni. Unaelea, unaelea, unashuka mpaka unakaribia miiba, unafunga blanketi, kisha ndipo unaruka. Alipita juu ya vichwa vitatu vyote, akaufikia ukuta wa ng'ambo kwa ncha za kucha. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

Hapo ndipo lilipotokea la kutokea. Mtoto alipokuwa bado anashangilia, amekiachia kidude, tumbusi akamsukuma mnyama wake, naye akaanguka juu ya kichwa cha mfupa mmoja. Mfupa ukasambaratika. Kwa kawaida tulikuwa hatukai kungoja, lakini safari hii mtoto aliduwaa, nasi tukaona kinachofuata, mimi nikiwa mlangoni mwa jikoni. Mifupa ilitulia chini kidogo. Halafu mbavu zikaanza kujivuta, mkono ukatafuta bega lake, fuvu likabiringika mpaka shingoni, na mfu akasimama, akaokota kofia yake, akaendelea kucheza.

"Kila mmoja hupata yake?" mama akauliza.

"Yake nini, koko?"

"Mifupa yake. Haichanganyiki na ya mwenzake?"

"Haichanganyiki," mtoto akasema. "Kila mmoja anaijua yake."

Mama akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia, hata kwa jino. Alilia huku akitazama skrini, bila kujifuta. Nikaja mbio kutoka jikoni na mikono ya unga.

"Kule kwetu hawakupata hivyo," akasema. "Walitiwa shimo moja. Nani atajua ya nani ni ipi?"

"Akina nani, mama?"

"Baba yako na wenzake."

"Baba amebaki Mahajanga!" Nilisema kwa ukali, kama anayemsahihisha mtoto.

"Ndiyo," mama akasema. "Amebaki."

Mtu mwema angemkumbatia mama yake. Mimi nilimgombeza. Miaka ishirini na tano, nikamwambia, umeniacha namtukana maiti! Umekaa na mimi chumba kimoja siku ya harusi yangu! Nilipiga meza, unga ukaruka, mtoto akakimbilia kwa jirani. Mama alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Kisha akanieleza kidogo kidogo. Njiani kutoka Mahajanga kila kizuizi watu waliuliza wewe nani, mumeo nani, na mjane wa Mkomoro siku zile hakuwa na pa kupita. Akasema mume amebaki kazini. Nosy Be akaogopa vilevile, akalirudia. Habari za shimo alizipata baadaye kwa jirani wa Tanambao, aliyewaona wakipakiwa kwenye lori. Kufikia hapo alikuwa amelisema lile neno mara nyingi mno, na kulitengua hakujua aanzie wapi.

Nilimwamini. Hofu naielewa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisema, nami nikalishika palepale. Sisi tulitoka. Yeye je? Kama tulikuwa pamoja, kwa nini mimi na mama tuko hai na baba yuko shimoni? Kwa nini alibaki?

"Hilo usiniulize," mama akasema.

Kesho yake akavua hereni, akafunga manukato yake kwenye kitambaa, akavaa nguo nyeupe, akasema anakaa eda. Miezi minne na siku kumi, kama mjane mwingine yeyote. Sheikh alikuja kumwambia kwa upole kwamba kisheria eda yake ilishapita zamani, muda huhesabiwa tangu siku ya kifo.

"Imepita kwa nani?" mama akamjibu. "Mimi sikuikaa."

Sheikh akamwombea dua, akaondoka. Mama alijifungia ndani, akafunga na dirisha la upande wa shamba, maana upepo wa huko ulileta harufu ya milangilangi, na mjane hajitii manukato. Binti yangu akauliza kama na yeye akae eda, kwa kuwa ni mke mdogo. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akamwambia wewe njoo tucheze, mimi nitakaa kwa niaba yetu sote wawili.

Basi walicheza. Kila alasiri, baada ya sala, Meksiko ilifunguliwa, na mjane wa nguo nyeupe akakaa nyuma ya mjukuu wake kuwachunga wafu wasikanyagwe. Na mimi, kila nilipopata upenyo, niliuliza. Nikimletea chai, nauliza. Nikimsuka nywele, nauliza. Mama, kwa nini alibaki? Aligeukia skrini, au akaomba maji.

Kimya hicho kilinitia mashaka, na mashaka kwangu huwa hasira upesi. Nikaanza kuwaza kwamba labda yeye ndiye aliyemwacha. Labda baba alikuwa nyuma, kaumia, anaita, na mama kanishika mkono kakimbia. Siku moja nikamwambia hivyo usoni, nimesimama, yeye kakaa juu ya jamvi la eda.

"Au wewe ndiye uliyemtupa?"

Alivuta ncha ya jamvi akainyoosha. Kisha akasema, "Ukitaka, sema hivyo."

Hakunikanusha. Nilimwona mwongo, nikamwona muuaji pia, Mungu anisamehe. Kwa wiki kadhaa nilimpelekea chakula nikakiweka mlangoni bila salamu. Mume wangu alinionya kwamba nitakuja kujuta. Nikamwambia ashughulike na injini zake.

Eda ilikuwa imebakiza kama mwezi. Binti yangu alikuwa amefika mwisho wa Meksiko, na mwisho huo hauna mifupa wala mipungate. Kuna fahali mkubwa tu, mweusi, anakufukuza, na kila anapopita ardhi inaporomoka nyuma yake. Hapo ufundi wote unarudi kuwa mmoja: mbele. Unaruka, unaelea, unashika ukuta, lakini daima mbele. Njiani kuna maua ya njano ya kuokota, na huyu mtoto mwenye kiburi cha ufundi aliyataka yote, asikose hata moja. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia, sina salamu, nangoja mama apokee.

Ua moja lilimpita. Nililiona, lilikuwa juu ya kijiwe, hatua chache nyuma. Mtoto akageuka kulifuata.

"Usirudi!"

Nilikuwa sijawahi kusikia sauti ile kwa mama. Alikuwa amesimama, mikono imenyooka kuelekea kwenye televisheni. "Usirudi! Kiache! Kitu chenyewe si kitu, kiache, usirudi!"

Fahali akampita mnyama wa chungwa, ardhi ikaanguka naye. Muziki ukakatika. Mtoto akakiweka kidude chini taratibu, akaogopa.

"Koko, ni mchezo tu. Ninaanza tena."

Mama akakaa. Alikuwa anahema. Akamshika mtoto mkono, na alipozungumza alizungumza naye, si na mimi.

"Mume wetu naye alirudi," akasema.

"Alirudi wapi?"

"Nyumbani. Alikuwa keshatoka. Tulikuwa tumejificha watu sita katika stoo ya jirani yetu, Tanambao, mchana kweupe. Jirani kafunga kwa nje, kasema tukinyamaza atatutoa salama. Na tuliobaki alitutoa, kweli."

"Sasa kwa nini akarudi?"

"Mtoto alikuwa analia."

Sinia lilikuwa bado mikononi mwangu. Nilikuwa najua kwamba mama hakuzaa mtoto mwingine ila mimi.

"Alikuwa na foronya yake kuukuu," mama akasema, bado anamtazama binti yangu. "Halali bila kuinyonya pembe. Tuliisahau nyumbani. Akaililia. Nikamziba mdomo, akalia kwa pua. Nje watu wanapita, tunasikia mpaka miguu yao, na ndani kila mtu anamtazama yule mtoto. Mmoja akasema mnyamazisheni au mtoke naye. Mume wetu akasema, nyumba si mbali, naifuata, narudi sasa hivi. Jirani akamfungulia."

Binti yangu akageuka kunitazama. Ana miaka tisa, si mjinga.

Niliweka sinia sakafuni. Nilitaka kusema kwamba mtoto wa miaka mitano hajui, kwamba wangempa kitu kingine, kwamba yule aliyesema watoke naye alaaniwe. Nilichosema ni, "Kwa nini hukuniambia?"

Ndipo mama aliponitazama. "Ningekwambia nini? Nilikuacha umchukie yeye. Yeye keshakufa, chuki haimdhuru. Ulipotaka kunichukia mimi, nikaona sawa, nimeshazeeka. Wewe ulikuwa na miaka mingi ya kuishi."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilishika miguu yake, ile miguu niliyoipita bila salamu wiki nzima nzima, nikalia mpaka nikakosa sauti. Alinipapasa kichwa. Binti yangu alizima televisheni bila kuambiwa. Nilichouliza hapo hata sijui kwa nini nilikitaka. Nadhani nilitaka nijue wale watu waliteseka na mimi kwa muda gani, nilikaa muda gani nikililia kile kitambaa wakati baba yangu yuko barabarani.

"Nililia mpaka lini, mama?"

Akasema niliache hilo. Nikamsihi.

"Hukulia tena," akasema. "Alipofunga mlango tu, ukalala."